Summer hakumdanganya Tom

Jumamosi iliyopita tulikuwa watu sita sebuleni kwa dada yangu, Nyakato, tukiangalia (500) Days of Summer, komedi ya mapenzi ya mwaka 2009 iliyoongozwa na Marc Webb. Ilipoisha, wanne wakasema neno moja: yule mwanamke, Summer, aliyemwacha Tom anayempenda, ni katili. Nimeshalisikia Kirumba, nimelisikia Igogo, mitaa ya Mwanza, na kila mara linaniuma, maana filamu yenyewe inasema vingine.

Dhana: Summer alimchezea Tom, kisha akampiga kibuti.

Ukweli: Siku ya 34 wako kwenye duka la fanicha, wanaigiza mume na mke, wanajilaza kwenye vitanda vya watu. Hapo hapo Summer (Zooey Deschanel) anamwambia Tom (Joseph Gordon-Levitt) kwamba yeye hatafuti uhusiano wa kudumu, na anamuuliza kama ni sawa. Tom anaitikia. Uongo unaanzia hapo, na ni wa Tom: mdomo umekubali, moyo umeamua kusubiri abadilike. Gordon-Levitt mwenyewe amewahi kusema hadharani kuwa kosa kubwa ni la Tom, hasikilizi. Simtakasi Summer. Baada ya kuachana alicheza naye muziki harusini, akamlalia begani kwenye treni, akamwalika kwake. Hayo yangemchanganya yeyote.

Dhana: Ni siku 500 za mapenzi.

Ukweli: Zinahesabiwa tangu Tom alipomwona mara ya kwanza hadi alipomaliza kumlilia. Siku ya 290 Summer anavunja uhusiano. Zinazobaki, 210, ni kidonda. Tena siku zenyewe haziendi kwa mpangilio. Filamu inafunguka na siku ya 488: benchi katika bustani ya Angels Knoll, Los Angeles, mkono wa Summer wenye pete uko juu ya mkono wa Tom. Jirani wa dada alipiga makofi, "Wameoana hao!" Pete ni ya mwanaume mwingine. Na msimulizi alitutahadharisha mapema kabisa kwamba hii si hadithi ya mapenzi.

Dhana: Ukivumilia, atakubali tu.

Ukweli: Hii ndiyo inayowatesa vijana wetu. Namjua kaka mmoja wa soko la samaki la Mwaloni aliyempelekea binti samaki sato kila wiki, mwaka mzima. Binti alishamwambia, "Kaka, nakuheshimu tu." Yeye alisikia "nakuheshimu", ile "tu" akaiacha. Siku binti alipovishwa pete, jamaa alikwenda kukaa juu ya mawe Capripoint, ufukweni mwa ziwa, ameangalia jiwe la Bismarck mpaka giza likaingia, na marafiki zake wakamlaumu binti.

Nilimkumbuka tulipofika kwenye sherehe ya paani kwa Summer. Kioo kinagawanyika mara mbili: kushoto matarajio ya Tom, kulia yaliyotokea. Mtu yuleyule, zawadi ileile, ngazi zilezile. Kushoto anapokewa kwa busu, kulia kwa kukumbatiwa kama mgeni mwingine. Kushoto wanajitenga wawili wakinong'ona, kulia amesimama peke yake na kinywaji mkononi. Sebule yote ilinyamaza, hata wale wanne. Kisha upande wa kulia unapanuka, unaumeza wa kushoto, na Tom anamwona Summer akimwonyesha mgeni mmoja pete.