Roketi ya Luvua, bomba la Gécamines na maneno ya garajini

Kuna garaji moja Katuba, hapa Lubumbashi, ninapopeleka gari langu likianza kukohoa. Wakati wa kungojea, mazungumzo ni mpira, bei ya dola, au roketi. Roketi hazikosi kwa sababu Katanga iliwahi kuwa nazo kweli, na wazee wa enzi za Mobutu hawachoki kuzisimulia. Juzi kijana anayejifunza ufundi pale aliniuliza: kwa nini wakubwa wa dunia wanahangaika na mitambo ya mabilioni ili kufika angani wakati njia za mkato ziko tele? Nilimjibu kidogo, gari likawa tayari. Mengine ni haya, nikijibu moja moja maneno yanayosemwa pale.

"Wajerumani walifika angani kutoka kwetu, ndiyo maana wakafukuzwa."

Nusu yake ni kweli. Kampuni ya OTRAG, ya mhandisi Lutz Kayser, iliundwa Ujerumani Magharibi mwaka 1975 ikapewa eneo la kilometa za mraba karibu 100,000 huku Shaba, kama jimbo lilivyoitwa wakati ule. Walirusha roketi mara tatu juu ya bonde la mto Luvua, mbali kaskazini ya Lubumbashi: tarehe 17 Mei 1977, 20 Mei 1978 na 5 Juni 1978. Zote zilikuwa za majaribio, mabomba manne yaliyofungwa pamoja, na hakuna iliyokuwa na nguvu ya kubaki juu ikizunguka dunia. Ya tatu iliharibika Mobutu mwenyewe akitazama: ilipinduka ikaanguka. Mwaka 1979 wakaambiwa wafunge, na hapo siasa ilikuwa na mkono mrefu, maana Wasovieti walikuwa wakipiga kelele kwamba yale ni makombora ya vita.

Ninachokipenda katika hadithi hii ni vyuma vyenyewe. Badala ya pampu za bei mbaya, tangi lilijazwa mafuta theluthi mbili, na theluthi iliyobaki ikawa hewa iliyoshindiliwa, nayo ndiyo iliyosukuma mafuta hadi kwenye injini. Na vali zilifunguliwa na kufungwa kwa motor ya kufutia kioo cha gari. Niliposema hivyo, papa mwenye garaji alinyoosha mkono kwenye rafu, akashusha motor moja yenye vumbi na waya mbili zinazoning'inia, akaigeuzageuza. "Hii hii?" Ndiyo papa, jamii hiyo hiyo.

Ila tangi la kuhimili hewa ya namna ile lazima liwe na kuta nene, na kuta nene ni uzito. Ili kubeba satelaiti wangehitaji kufunga pamoja mabomba kwa makumi, yote yawake na yazimike kwa utaratibu mmoja. Hilo hawakuwahi kulifanya, wala Zaire wala Libya walikohamia baadaye.

"Kazi ni kupanda juu. Ukishafika, unaelea."

Hii ndiyo mama wa makosa yote mengine. Kimo si kitu cha kutisha: anga za mbali huhesabiwa kuanza kilometa 100 juu, umbali usiofika hata wa kutoka hapa hadi Likasi. Kinachotesa ni mwendo. Chombo kinachozunguka karibu na dunia kinakwenda takriban kilometa 7.8 kwa sekunde. Kwa mwendo huo Likasi ni sekunde 15 au 16, na hakuna barrière itakayokusimamisha. Kikipungukiwa na mwendo huo kinarudi chini, hata kama kilipanda kilometa 400. Nguvu ya kukipa kilo moja mwendo wa kubaki kwenye kimo hicho ni karibu mara nane ya nguvu ya kuipandisha tu hadi hapo.

Ukiielewa hii, njia nyingi za mkato zinajiangukia zenyewe. Puto kubwa litakupandisha kilometa 30 au zaidi, vizuri, lakini mwendo halikupi. Kilele cha mlima kinasaidia kidogo kwa kupunguza hewa. Kuwa karibu na ikweta kunasaidia zaidi: hapa Lubumbashi dunia inatuzungusha kuelekea mashariki kwa mita kama 455 kila sekunde, zawadi ya bure. Lakini ni zawadi ya nauli ya teksi kwa mtu anayesafiri hadi Kinshasa.

"Piga kwa mzinga mkubwa, yaishe."

Imejaribiwa. Mhandisi wa Kanada, Gerald Bull, aliunganisha mizinga ya meli za kivita, na mwezi Novemba 1966 huko Yuma, Marekani, mmoja ulirusha kombora hadi kilometa 180. Liliingia angani kabisa, likarudi. Kitu kilichopigwa kutoka ardhini, bila injini ya kukisukuma tena kikiwa juu, njia yake inaishia ardhini.

Kwa wanaobisha, tuchukue bomba la moshi la Gécamines, kampuni ya migodi, lile la mita 150 hivi ambalo kila mtu wa hapa analiona akirudi nyumbani. Tulifanye mzinga, tuseme risasi itoke juu ikiwa na kilometa 8 kwa sekunde. Ndani ya bomba, uzito wa kila kitu ungeongezeka zaidi ya mara 21,000. Mtu wa kilo 70 angelemewa kama mwenye tani 1,500. Asingekufa tu, angekuwa rangi ya kupaka ukuta. Na risasi yenyewe, ikichomoka kwenye mdomo wa bomba, ingekutana na hewa nzito ya huku chini na kuanza kuungua papo hapo.

"Tuna Shinkolobwe. Nyuklia ingetupeleka."

Shinkolobwe ni mgodi wetu wa uranium, na hapa wazo si la wajinga. Kuanzia 1958 Wamarekani, akiwemo mwanafizikia Freeman Dyson, walichora chombo kinachotupa bomu la nyuklia nyuma yake, bomu moja baada ya jingine, na bamba nene la chuma kulipokea pigo. Mfano mdogo uliruka mwaka 1959 kwa baruti ya kawaida. Kwa hesabu chombo kingekwenda. Lakini Dyson alipiga pia hesabu ya vumbi la sumu, akaona kila safari ya kutoka ardhini ingeua watu kwa saratani. Mkataba wa 1963 ukapiga marufuku milipuko hiyo hewani na angani, na mwaka 1965 mradi ukafa.

Injini ya nyuklia isiyolipua kitu, inayochemsha hidrojeni kwa kinu cha nyuklia na kuitoa kwa kasi, iliwashwa ardhini Nevada mara nyingi, hadi mpango ulipofungwa 1973. Ni nzuri kwa chombo kilichokwisha kuwa juu. Kwa kuondokea chini, kinu ni kizito mno kwa msukumo wake. Tena fikiria kikianguka. Januari 1978, katikati ya roketi ya kwanza na ya pili za Luvua, satelaiti ya Kisovieti Kosmos 954 ilianguka kaskazini mwa Kanada na kinu chake, ikamwaga mabaki yenye mionzi juu ya theluji. Sisi ambao uranium ilitoka kwetu tusiite hilo jambo dogo.

"Hatari ni moto wa kupaa."

Mara nyingi hatari inaanza roketi ikiwa bado imesimama. OTRAG walitumia asidi ya naitriki ya kuunguzia mafuta, na anayeendesha gari njia ya Kolwezi nyuma ya kamiyo za asidi hahitaji kuelezwa maana ya tone. Tarehe 24 Oktoba 1960, huko Baikonur, kituo cha roketi cha Wasovieti, injini ya kombora lililojazwa asidi ya aina hiyo iliwaka mafundi wakiwa bado wanalishughulikia. Walikufa zaidi ya 70, akiwemo jemadari Mitrofan Nedelin. Mwaka 1980 Arkansas, Marekani, fundi aliangusha kichwa cha spana, kikadunda, kikatoboa tangi la kombora la Titan II, la ukoo ule ule uliowabeba wanaanga wa Marekani wa safari za Gemini. Saa kadhaa baadaye yote ikalipuka, mtu mmoja akafa. Kichwa cha spana! Papa wa garaji aliposikia alitazama miguuni pake, palipokuwa na kama sita.

"Kuna motor isiyotoa moshi, na kamba ya kupandia."

Motor ile, EmDrive, inayodaiwa kusukuma bila kutoa kitu nyuma, ilipimwa vizuri Dresden, Ujerumani, mwaka 2021, msukumo ukaonekana ni vyuma vya kipimo vilivyopata joto. Kamba ya kupandia kutoka ardhini hadi angani ingehitaji kufika kimo cha karibu kilometa 36,000 na kupita. Kitu cha kuisukia bado hakijatengenezwa kwa urefu huo.

Yule kijana hakukata tamaa. Jumamosi alileta chupa ya plastiki ya soda, akatia maji theluthi moja, akaziba kwa kizibo chenye vali ya baiskeli, akapampu. Hakuna moto, hakuna asidi, ni hewa iliyoshindiliwa inasukuma maji, kama matangi ya Luvua. Ikaruka juu ya mwembe, ikageuka, ikatua kwa kishindo juu ya mabati ya jirani, na mama akatoka na mwiko mkononi akiuliza nani anampigia nyumba mawe.