Tetemeko la ardhi: umbali pekee hautoshi

Agosti 12, 2020, tetemeko lililotokea baharini karibu na Dar es Salaam lilisikika hadi Mombasa. Wengi hujituliza kwa imani ya siku nyingi: ukiwa mbali na kitovu, yaani mahali tetemeko lilipoanzia, uko salama. Si kweli.

Umbali husaidia, lakini udongo nao una kauli yake. Mawimbi yakitoka kwenye mwamba mgumu na kuingia kwenye tope laini, hupunguza mwendo na kuongezeka kimo. Mwaka 1985, tetemeko lilipoipiga Mexico, kitovu kilikuwa zaidi ya kilomita 300 kutoka jiji kuu, Mexico City, na bado maelfu walikufa, kwa kuwa sehemu ya jiji imejengwa juu ya tope la ziwa la kale. Tope lile liliyumba kwa mdundo wa takriban sekunde 2, uliolingana na mdundo ambao majengo ya ghorofa za wastani huyumba nao yakitikiswa. Hayo ndiyo yaliyoumia zaidi. Nyumba fupi nyingi zilibaki zimesimama, jambo linalowashangaza watu mpaka leo.

Kisiwa cha Mombasa kwa sehemu kubwa kimekaa juu ya jiwe la matumbawe, lile unaloliona chini ya kuta za Fort Jesus. Kandokando ya mkono wa bahari wa Tudor, kwenye mikoko na matope, au palipojazwa kifusi, ni habari nyingine. Mwenye kiwanja huko adai udongo upimwe kabla msingi haujachorwa.