Je, wajua kwa nini kipenzi cha shujaa wa katuni huwa na nywele nyekundu?

Duniani kote, wenye nywele nyekundu za kuzaliwa nazo ni kama mtu mmoja au wawili katika kila mia. Mimi sikujua. Nilijifunza sura za Wamarekani kutoka kwenye vitabu vyao vya katuni, vile vilivyochakaa vinavyouzwa kwa mafungu pamoja na magazeti ya zamani, na humo kila shujaa alikuwa na mwanamke wake, na mwanamke huyo, mara nyingi ajabu, kichwa chake kiliwaka kama jiko la mkaa. Spider-Man na Mary Jane Watson. Cyclops na Jean Grey. Aquaman na mkewe Mera. Superman, alipokuwa bado kijana kule Smallville, alikuwa na Lana Lang. Hata Black Bolt, mfalme asiyethubutu kutamka neno maana sauti yake hubomoa majengo, ana Medusa, ambaye nywele zake nyekundu hukamata watu zenyewe.

Jibu langu la kwanza lilikuwa hina. Usicheke. Aliyekulia Pwani anajua kwamba mwekundu wa nywele ni mzee aliyetia hina ndevu zake, kwa hiyo nikadhani na hawa wametia.

Jibu la pili lilidumu miaka mingi zaidi, na niliwahi kumweleza mtu kwa kujiamini kabisa: kwamba wazungu ndivyo walivyo, theluthi weusi wa nywele, theluthi wa dhahabu, theluthi wekundu, na wachoraji walichora tu walichokiona mtaani. Kosa hili linastahili kuzikwa vizuri. Nywele hupata rangi kutokana na melanini za aina mbili, moja ya weusi na kahawia, nyingine ya wekundu na manjano. Kuna jeni iitwayo MC1R ambayo kazi yake ni kuelekeza kiwanda kutengeneza ile ya weusi. Jeni hiyo ikiwa na hitilafu fulani, kiwanda hubaki kwenye wekundu. Uhusiano huo ulitangazwa na watafiti mwaka 1995. Kwa kawaida mtoto anahitaji kurithi hitilafu kutoka kwa baba na mama pia, ndiyo maana wazazi wawili wenye nywele nyeusi wanaweza kumpata mtoto mwekundu na majirani wakaanza maneno bure. Hata Scotland na Ireland, kunakosifika kwa nywele hizi kuliko kwingine, makadirio ya kawaida ni kama mmoja katika kumi. Anayechora anachokiona mtaani New York hawezi kufika idadi ile ya kwenye katuni.

Kisha nikakosea mara ya tatu, safari hii kwa kujua kidogo. Nilisoma kwamba John Romita, mchoraji aliyempa Mary Jane uso wake, alisema alimchora akimfikiria Ann-Margret, mwigizaji aliyesifika kwa nywele nyekundu. Nikafunga faili. Kumbe ni mapenzi ya wachoraji kwa waigizaji!

Kisa chenyewe ni kitamu. Jina la Mary Jane lilitajwa mwaka 1964 katika toleo la 15 la Spider-Man. Mlezi wa Peter Parker (ndiye Spider-Man akivua kinyago), May, anataka kumkutanisha kijana na mpwa wa jirani yake. (Kwa Kiingereza May anaitwa shangazi, kwetu angekuwa mama mkubwa, maana ni mke wa kaka mkubwa wa baba yake Peter. Kazi ya kutafutia watu wachumba anaifanya vilevile.) Peter anakwepa. Mwaka 1965 msichana anaonekana lakini uso umefichwa. Mlango unafunguliwa katika toleo la 42, Novemba 1966, na msomaji aliyesubiri miaka miwili anauona uso na nywele kwa pamoja.

Lakini Ann-Margret hawezi kubeba mzigo wote. Lana Lang alikuwa mwekundu tangu 1950. Mera na Jean Grey walitokea 1963. Mwandishi wa habari Brenda Starr, wa katuni za magazetini, alikuwepo tangu 1940, naye alichorwa kwa kumwiga Rita Hayworth, mwigizaji ambaye nywele zake za kuzaliwa nazo zilikuwa nyeusi nyeusi. Ule wekundu ulitoka kwenye chupa. Kitu kingine kilikuwa kinawavuta wachoraji upande huohuo, na kukiona inabidi tushuke kwenye mtambo wa kuchapa.

Chukua khanga. Anayechapa khanga ya rangi tatu hatoi rangi zote kwa mkupuo mmoja. Kila rangi ina zamu yake: nyekundu inapita, kisha nyingine inafuata, kisha nyeusi inapita juu yao. Zamu zikipishana hata kwa unene wa ukucha, ile korosho ya kwenye pindo inahama. Wekundu unamwagika nje ya mstari upande mmoja, na upande wa pili panabaki weupe. Nadhani kila kabati lina khanga moja ya namna hiyo.

Vitabu vya katuni vya Marekani, kwa miongo mingi, vilichapwa hivyohivyo, kwenye karatasi duni ya gazeti, vikiuzwa senti 10 na baadaye 12. Palikuwa na rangi nne za wino: manjano, waridi kali, samawati na nyeusi. Nyeusi ilichora mistari. Zile tatu zilitumika kama koki tatu za maji, kila koki ikiwa na hali nne tu: imefungwa, imefunguliwa robo, nusu, au yote. Robo na nusu zilipatikana kwa vitone. Ukikisogeza kitabu cha zamani karibu na macho utaviona vimepangana kama mtama uliomwagwa kwa adabu. Hali nne kwa koki tatu ni 4 mara 4 mara 4, yaani rangi 64. Ukiondoa zilizofanana na tope, zinabaki chache.

Sasa tupake kichwa. Ngozi ya mzungu katika vitabu hivyo ilikuwa robo ya manjano na robo ya waridi. Nywele tunazoziita nyekundu (kusema kweli ni rangi ya chungwa, lakini tusigombane) zilikuwa manjano yote na nusu ya waridi. Ona kilichotokea: ni koki zilezile mbili za uso, zimefunguliwa zaidi tu. Koki ya samawati haijaguswa. Na kwa kuwa manjano imejaa pote, vitone vya waridi vikihama kidogo havina tundu la kuacha. Vinaangukia manjano ileile. Mtambo ukosee, nywele zitabaki nyekundu.

Linganisha na kahawia. Kahawia inataka rangi zote tatu zikubaliane mahali padogo kuliko kucha ya kidole kidogo. Moja ikihama, ukingo mmoja wa kichwa unaota ukijani. Nyeusi ilikuwa salama, ila nyeusi tupu hula mistari yote ya nywele, kwa hiyo waliipaka mng'ao wa samawati, na ndiyo sababu Superman ana nywele za buluu ambazo hakuna mtu mjini kwake Metropolis anayeziuliza. Dhahabu ilikuwa manjano peke yake, karibu na ngozi iliyopauka, juu ya karatasi ambayo nayo haikawii kuwa manjano.

Kwamba wino uliamua mambo makubwa kuliko nywele, ushahidi upo. Hulk alipozaliwa Mei 1962 alikuwa wa kijivu. Kijivu hakikutulia, ukurasa huu kimeiva, ukurasa ule kimepauka. Toleo la pili akatoka wa kijani, na kijani amebaki. Kama mtambo unaweza kumbadilisha rangi mhusika mkuu mwili mzima, nywele za mchumba si kitu.

Hapo niweke breki kidogo. Kahawia ilichapika. Peter Parker mwenyewe ana nywele za kahawia, na Betty Brant, msichana wake wa mwanzo, vilevile. Wino haukulazimisha, ulipendelea tu. Na kutoka kwenye "rangi hii ilitoka vizuri" hadi "ndiyo maana walimchagua" ni hatua ninayoipiga mimi kwa kufuata mantiki ya kazi, siyo kwa kauli ya Romita, ambaye alimtaja Ann-Margret na basi.

Kinachonipa moyo ni hoja ya jezi. Ukikaa jukwaa la mbali uwanjani huoni sura za wachezaji, lakini Simba na Yanga hutawachanganya. Katika kisanduku cha katuni uso wa mwanamke mzuri ulikuwa nyusi mbili, macho, midomo na kijimstari cha pua. Wanawake wote walitoka tumbo moja. Nywele ndizo zilizokuwa jezi. Na jezi hugawiwa kwa kuangalia nani ameshavaa nini. Lois Lane, mpenzi wa Superman ukubwani, alikuwa na nyeusi, Lana akapewa nyekundu. Gwen Stacy, mpenzi mwingine wa Peter aliyetangulia kuonekana Desemba 1965, alikuwa na dhahabu. Mary Jane aliyekuja kushindana naye akapata iliyobaki. Utamu zaidi uko kwa Archie, kijana wa katuni za kuchekesha tangu 1941, anayeyumba kati ya Betty wa dhahabu na Veronica mweusi wa nywele. Wasichana wamechukua jezi mbili. Mwekundu hapo ni nani? Archie mwenyewe.

Jezi nayo ina viraka. Black Widow, jasusi wa katuni, alianza 1964 akiwa na nywele nyeusi, Romita akamtia nyekundu mwaka 1970, na muda mfupi baadaye akawa mpenzi wa shujaa Daredevil, ambaye akivua kofia yake naye ni mwekundu. Wapenzi wawili, jezi moja. Na riwaya hazina wino wa rangi kabisa, ila Harry Potter anamwoa Ginny Weasley, mwekundu, akiwa mtoto wa Lily, mwekundu pia. Huko ni urithi wa zamani zaidi, wa wachoraji wa Ulaya waliompa Maria Magdalena nywele hizo karne nyingi kabla ya Spider-Man, na pengine wa jambo rahisi kwamba neno moja, "nyekundu", linatosha kumtofautisha msichana na watu wote waliomo ukurasani.

Kamera haina shida ya koki tatu, na sinema zimeanza kulegea: katika filamu ya Spider-Man ya 2017 msichana aitwaye MJ ni Zendaya, na hakuna chochote kinachowaka kichwani pake. Kabla ya hapo jezi zililindwa kwa nguvu. Filamu ya 2007 ilikuwa na Mary Jane na Gwen Stacy pamoja. Kirsten Dunst, mwenye nywele za dhahabu za kuzaliwa nazo, aliwekwa nyekundu awe Mary Jane. Bryce Dallas Howard, mwekundu wa kuzaliwa, akapakwa dhahabu awe Gwen. Wangebadilishana majina tu, msusi angepumzika.