Hujasahau Kila Kitu: Dhana Potofu Kuhusu Mtihani wa Kuingia Chuo cha Uuguzi Baada ya Miaka Mingi Nje ya Shule

Kauli ninayoisikia kuliko zote kutoka kwa watu wazima wanaotaka kujiunga na chuo cha uuguzi ni hii: "Mwalimu, nimesahau kila kitu, itabidi nianze mwanzo kabisa." Huitoa mama ambaye watoto wake sasa wamekua, huitoa dereva, huitoa mhudumu aliyekaa wodini miaka mingi, na kila anayeitoa huamini kwamba hali hiyo ni yake peke yake. Baada ya kauli hiyo hufuata mpango uleule: kutafuta vitabu vya sekondari tangu kile cha kwanza, kuvisoma ukurasa kwa ukurasa, kuandika muhtasari kwa kalamu za rangi, na kuyaahirisha maswali ya majaribio hadi wiki za mwisho, eti mpaka awe tayari. Nimewaona watu wenye uwezo mkubwa wakishindwa kwa mpango huu, na kinachoniuma ni kwamba hawakushindwa kwa uvivu. Walijinyima usingizi kwa kazi ambayo haikuwa na faida.

Mpango huo umejengwa juu ya makosa mawili, na la kwanza ni kudhani kwamba usichokikumbuka hakimo tena kichwani. Mwaka 1885 mwanasaikolojia Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha matokeo ya majaribio aliyojifanyia mwenyewe kwa kukariri orodha za silabi zisizo na maana. Watu wengi wanalijua nusu moja tu la matokeo yake, kwamba binadamu husahau kwa kasi kubwa katika saa na siku za mwanzo, kisha kasi hiyo hupungua. Nusu la pili ndilo linalomhusu anayerudi shuleni: Ebbinghaus alipima muda aliouokoa alipojifunza tena orodha ileile, akakuta kwamba kujifunza mara ya pili kulichukua muda mfupi kuliko mara ya kwanza. Kitu kilichowahi kujifunzwa huacha alama, na alama hiyo hufanya kazi hata pale mwenyewe anapoapa kwamba hakumbuki lolote.

Jambo hili hujitokeza kila ninapoandika ubaoni robo tatu gawanya kwa moja ya nane. Mwanafunzi hukaa kimya, kwa sababu anaitafuta kanuni ya kugeuza na kuzidisha, na hana hakika ni sehemu ipi inayogeuzwa. Nikifuta swali na kumuuliza robo tatu ina thumuni ngapi ndani yake, huanza kuhesabu kwa vidole: robo moja ina thumuni mbili, kwa hiyo robo tatu zina sita. Ni swali lilelile, na jibu ni lilelile. Kilichopotea ni maneno ya kanuni, ilhali maana ya kugawanya sehemu ilibaki mahali pake muda wote, ikitumika kila siku katika kupima kitambaa, kugawa mshahara na kukadiria safari. Mtu wa namna hii hahitaji kurudia hesabu za miaka minne. Anahitaji kuunganishwa na maana aliyonayo tayari, na kazi hiyo mara nyingi huisha kwa jioni moja.

Kosa la pili, ambalo kwangu ndilo kubwa zaidi, ni kudhani kwamba kusoma tena ndiko kujifunza. Mwaka 2006 watafiti wa Marekani Henry Roediger na Jeffrey Karpicke waliwapa wanafunzi vifungu vya maandishi vya kujifunza. Kundi moja lilisoma kifungu katika vipindi vinne mfululizo, na kundi jingine lilisoma katika kipindi kimoja, kisha likatumia vipindi vitatu kuandika lilichokumbuka bila kuangalia. Baada ya dakika 5, waliosoma tu ndio waliokumbuka zaidi. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: waliojipima walikumbuka takriban asilimia 61 ya mambo yaliyomo, na waliosoma tu walikumbuka takriban asilimia 40. Tena wale waliosoma tu ndio waliokuwa na imani kubwa zaidi kwamba watakumbuka.

Hapo ndipo mtego ulipo. Ukurasa unaosomwa mara ya tatu huonekana rahisi kwa sababu macho yameuzoea, na mtu mwenye hofu baada ya miaka mingi nje ya darasa hupata faraja katika wepesi huo, akauhesabu kuwa ni ujuzi. Chumba cha mtihani hakimwulizi kama ameshawahi kuuona ukurasa. Kinamtaka alitoe jibu kichwani mwake, jambo ambalo hajawahi kulifanyia mazoezi.

Kwa hiyo ninapofundisha mzunguko wa damu, mwanafunzi akishasoma mara moja namwambia afunge kitabu, achukue karatasi tupu, achore vyumba vinne vya moyo na kufuata tone moja la damu kutoka mwilini hadi mapafuni na kurudi. Wengi huenda vizuri mpaka damu inapotoka chumba cha chini cha kulia. Hapo hukwama, kwa sababu wanaamini kwamba kila ateri hubeba damu yenye oksijeni, na damu waliyonayo mkononi haina. Ukweli ni kwamba ateri huitwa ateri kwa kuwa inaitoa damu kwenye moyo, na ateri ya mapafu huitoa damu ambayo bado haijapata oksijeni. Mwanafunzi huyo alikwisha kuisoma sentensi inayoeleza jambo hilo, akaipita. Karatasi tupu ndiyo iliyomwonyesha kwamba haikuingia.

Ushauri wangu kuhusu hili sina nia ya kuulegeza. Siku ya kwanza, kabla hujafungua kitabu chochote, kaa ufanye mtihani mzima wa majaribio kwa muda uliowekwa. Alama huenda zikawa mbaya, na ubaya wake haumaanishi kwamba utashindwa siku ya mtihani wenyewe. Kisha yapange makosa yako katika mafungu matatu: ambayo hukuwahi kuyajua, ambayo uliyajua yakapotea, na ambayo unayajua ila ulilisoma swali vibaya au muda ulikuishia. Watu wanaosema wamesahau kila kitu hushangaa kuona jinsi fungu la tatu lilivyo kubwa, nalo haliponywi na kitabu chochote cha sekondari. Weka daftari moja la makosa, andika swali upande mmoja wa ukurasa na sababu ya kosa upande wa pili, na ulijibu tena kila swali baada ya siku mbili, baada ya wiki, na baada ya mwezi.

Mtihani wa majaribio una faida nyingine, kwamba unakuonyesha kinachoulizwa. Chukua mfano wa mtihani wa TEAS, unaotumiwa na vyuo vingi vya uuguzi Marekani. Toleo lake la saba, lililoanza kutumika mwaka 2022, lina maswali 170 kwa dakika 209, yaliyogawanywa katika kusoma na kuelewa, hesabu, sayansi na matumizi ya Kiingereza. Katika maswali 44 ya sayansi yanayohesabiwa katika alama, 18 ni ya anatomia na fiziolojia, yaani maumbile ya mwili na jinsi unavyofanya kazi, na yaliyobaki ni ya biolojia, kemia na kufikiri kisayansi. Fizikia haina fungu lake. Mtu aliyetumia mwezi mzima kurudia sheria za Newton kwa sababu tu ndizo zilizokuwa sura ya kwanza ya kitabu alichokipata, ameutumia mwezi huo kwa mtihani mwingine usio wake. Zaidi ya makosa hayo mawili, zipo kauli nyingine ninazozisikia kwa wanafunzi, na hivi ndivyo ninavyozijibu.

"Umri wangu umeshapita wa kujifunza hesabu na sayansi."

Kasi ya akili kushughulikia taarifa mpya hupungua taratibu tangu ujana, hilo ni kweli, lakini msamiati na maarifa ya jumla huendelea kukua hadi umri wa makamo na zaidi. Kwa hiyo tatizo la mwanafunzi mzima huwa ni saa ukutani zaidi kuliko uelewa. Katika TEAS maswali 38 ya hesabu hupewa dakika 57, yaani sekunde 90 kwa kila swali, na maswali 37 ya lugha hupewa dakika 37. Mtu aliyejifunza polepole na kwa makini huweza kupata kila jibu sahihi nyumbani na bado akaacha robo ya karatasi bila kuigusa. Dawa yake ni kufanya mazoezi huku ukijipimia muda kwa saa tangu wiki ya kwanza, na kujizoeza kuliacha swali linalokula muda ili kulirudia baadaye.

"Nimefanya kazi hospitalini, sayansi ninaijua."

Mtihani wa kuingia chuoni hauulizi uuguzi. Anayejua kumgeuza mgonjwa asipate vidonda vya mgongo bado ataulizwa nefroni, chujio dogo sana lililomo ndani ya figo, inachuja nini, au ni homoni ipi ya kongosho inayopandisha sukari kwenye damu, na wengi hujibu insulini kwa kuwa ndiyo waliyoizoea kuiona ikichomwa, wakati jibu ni glukagoni. Uzoefu wako utakusaidia sana ukishaingia. Kwa sasa uutumie kama kumbukumbu ya kuning'inizia maarifa mapya, na usiutumie kama kisingizio cha kuruka sura ya mfumo wa homoni.

"Sehemu ya kusoma na kuelewa haihitaji maandalizi."

Hii ndiyo sehemu inayowaangusha watu wenye hekima ya maisha, na inanisikitisha kwa sababu ni alama zilizo karibu kabisa na mkono. Fikiria kifungu kinachosema kwamba wagonjwa waliotembezwa mapema baada ya upasuaji waliruhusiwa kurudi nyumbani mapema kuliko waliobaki kitandani. Swali linauliza ni hitimisho gani linaloungwa mkono na kifungu, na mojawapo ya majibu linasema kwamba kutembea mapema hupunguza hatari ya damu kuganda miguuni. Sentensi hiyo ni ya kweli, na mwenye uzoefu wa wodi huichagua bila kusita. Kifungu hakikusema lolote kuhusu damu kuganda, kwa hiyo jibu hilo ni kosa. Ninawataka wanafunzi wangu waweke kidole juu ya mstari unaothibitisha jibu kabla ya kulichagua. Asiyepata mstari wa kuuwekea kidole amejibu kutoka kwenye maisha yake.

"Siku hizi wanaruhusu kikokotoo."

Mitihani mingine inaruhusu, na TEAS ni mmojawapo, ila kikokotoo hakijui unachotaka kukitafuta. Bei ikipanda kutoka 80 hadi 100 imeongezeka kwa asilimia 25, na ikishuka kutoka 100 hadi 80 imepungua kwa asilimia 20, ingawa tofauti ni ileile ya 20. Aliyegawanya kwa namba isiyofaa atapewa jibu safi la kosa, na kwa kawaida jibu hilo huwa limewekwa miongoni mwa majibu ya kuchagua ili kumnasa.

"Usilolijua, liache wazi."

Soma maelekezo ya mtihani wako. Ambapo jibu lisilo sahihi halipunguzi alama, kama ilivyo katika TEAS, kuacha pengo ni kuitupa nafasi. Ambapo linapunguza, hesabu ni nyingine.

"Mimi hujifunza kwa kusikia tu, vitabu si vyangu."

Mapitio ya utafiti yaliyochapishwa mwaka 2008 na Harold Pashler na wenzake hayakupata ushahidi wa kutosha wa kuhalalisha kuwafundisha watu kwa kufuata mtindo wanaodai kuwa nao. Mchoro wa figo huhitaji macho ya kila mtu. Sikiliza unapopika au unaposafiri ukitaka, kisha kaa na karatasi tupu kama wengine wote.

"Nitasoma nikipata likizo."

Likizo ya mtu mwenye familia ina wenyewe wengi. Nusu saa ya kila siku iliyogawanywa kwa miezi mitatu huzaa zaidi ya saa zilezile zikirundikwa katika wiki mbili, kwa sababu kila pengo kati ya vipindi hulazimisha akili kuitafuta kumbukumbu upya. Na usikeshe usiku wa kuamkia mtihani, kwa kuwa ubongo huimarisha kumbukumbu mpya wakati wa usingizi.

"Cheti changu ni cha zamani, kwa hiyo hawatanipokea," au kinyume chake, "nilishafaulu sayansi zamani, hawawezi kuniuliza tena."

Yote mawili ni kukisia. Kila chuo kina sheria yake: kimoja hukubali matokeo ya zamani bila masharti, kingine hutaka masomo ya sayansi yawe yamesomwa ndani ya miaka kadhaa iliyopita, na kingine huangalia mtihani wa kuingia peke yake. Kabla ya kulipia kitabu au darasa lolote, likiwemo langu, kiulize chuo ni mtihani upi wanaoutumia na toleo gani, ni alama ngapi za chini kwa jumla na kwa kila sehemu, matokeo yake hudumu kwa muda gani, na unaruhusiwa kurudia mara ngapi na baada ya siku ngapi. Omba jibu kwa maandishi, ulibandike ndani ya jalada la daftari lako la makosa, na ndipo ukae kufanya ule mtihani wa majaribio wa siku ya kwanza.