Rota mbili si nguvu mara mbili

Helikopta ya uokoaji ikipita juu ya Moshi kuelekea mlimani, wanafunzi wangu hukimbilia dirishani. Siku moja mmoja alikuja na ya kuchezea, yenye rota mbili, yaani seti mbili za panga zinazozunguka, zilizopandana kwenye mhimili mmoja. "Mwalimu, hii ya ghorofa ndiyo ingefaa Kilimanjaro. Ina nguvu mara mbili."

Hata watu wazima huamini hivyo, na si kweli. Rota huinua chombo kwa kuisukuma hewa chini. Ile ya chini imekaa ndani ya upepo uliokwisha kusukumwa na ya juu. Aliyewahi kupanda changarawe za Kilimanjaro kutoka Kibo Hut hadi Gilman's Point ataelewa: unainua mguu, ardhi inakuteremsha. Rota hizo zingetenganishwa, kila moja ikapata hewa yake, zingetumia nguvu pungufu. Zikipandana, gharama ya kuelea tu huongezeka kwa takriban 20%. Ingekuwa zaidi, ila upepo wa rota ya juu hujibana unaposhuka, kwa hiyo ncha za panga za chini hupata hewa safi ya pembeni. Hilo hunifurahisha kila nikilifundisha.

Faida iko kwingine. Tuliing'oa rota ya juu ya ile ya kuchezea, tukaining'iniza kwa uzi na kuiwasha: kiwiliwili kikazunguka kinyume cha panga. Helikopta ya kawaida huzuia hilo kwa rota ya mkiani, ambayo hula nguvu ya injini bila kuinua chochote. Rota mbili zinazozunguka kinyume hufutana zenyewe. Kampuni ya Kamov ya Urusi inaunda helikopta hivyo tangu Ka-8 ya mwaka 1947.

"Sasa bila rota ya mkia itageukaje?" Rubani huongeza pembe ya panga za rota moja na kupunguza ya nyingine. Uzito unabaki umebebwa, lakini mizunguko haifutani tena, na pua inageuka.

Na Kilimanjaro? Pale juu, mita 5,895, hewa ina karibu nusu ya uzito wa hewa ya pwani. Ingenuity, helikopta ndogo ya NASA ya rota mbili zilizopandana, iliruka kwenye sayari ya Mars tarehe 19 Aprili 2021 penye hewa ya takriban 1% ya yetu, kwa kuwa ilikuwa na kilo 1.8 tu na panga zake zilizunguka zaidi ya mara 2,000 kwa dakika. Lakini helikopta iliyotua kileleni Everest mwaka 2005, AS350 B3, ilikuwa na rota moja juu na nyingine ndogo mkiani, kama hizi tunazoziona dirishani.