Kiwango cha matumizi ya huduma za afya ni nini?

Zahanati inaweza kuwa na bati jipya, umeme wa jua na muuguzi wa kudumu, na bado watu wakaipita wakielekea mjini. Kwa hiyo kuhesabu majengo hakutoshi. Kiwango cha matumizi huuliza jambo jingine: wakazi wa eneo fulani wanakwenda kituoni kwa kiasi gani, na wakishakwenda wanarudi?

Kwa Tanzania, jibu huanzia kwenye vitabu vya MTUHA (Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya), yale madaftari mapana yanayojaza meza ya muuguzi. Namba 5 ni cha wagonjwa wa nje, namba 6 cha wajawazito, namba 12 cha wodi ya wazazi. Mwisho wa mwezi huhesabiwa kwa vijiti, vinne wima na cha tano kukatiza, kisha jumla hupelekwa wilayani.

Hesabu yenyewe ni kugawa mahudhurio kwa idadi ya wakazi. Tuseme zahanati ina wakazi 4,000 na imepata mahudhurio 3,200 kwa mwaka: ni 0.8 kwa kila mtu. Inapendeza, ila hudhurio si mtu. Bibi mwenye presha anayefuata dawa kila mwezi amehesabiwa mara 12. Ndiyo maana anayekuja kwa mara ya kwanza mwaka huo hutenganishwa na wa marudio. Wa mara ya kwanza wakiwa 1,100, basi wakazi kama 2,900 hawakukanyaga pale mwaka mzima. Wapo ambao hawakuugua, sawa, lakini si wote hao.

Mimi naamini zaidi kipimo cha walioishia njiani. Chanjo ya Penta, inayokinga magonjwa matano kwa pamoja, hutolewa mtoto akiwa na wiki 6, 10 na 14. Watoto 120 wakipata ya kwanza na 96 tu wakafika ya tatu, 24 wamepotea, yaani asilimia 20; ikizidi 10 huwa ni dalili mbaya. Mama zao njia wanaijua, walishafika. Mara nyingi kilichowakatisha kiko hukohuko kituoni: foleni, chanjo kuisha, au kauli ya mhudumu.

Idadi ya wakazi nayo ina vituko vyake. Ni makadirio ya kutoka sensa, ya mwisho ikiwa ya 2022. Machimbo yakifunguliwa jirani, watu wanamiminika bila kuwemo kwenye makadirio, na utasikia kijiji kimechanja asilimia 115 ya watoto wake.

Halafu kuna asiyekuja, ambaye daftari haliwezi kumsemea. Wajawazito 90 wako kitabu namba 6, waliojifungulia hapo kitabu namba 12 ni 50. Wale 40 huenda walipewa rufaa, au walikwenda kuzalia kwa mama zao, au walizalia nyumbani. Hapo mhudumu wa afya ngazi ya jamii hana budi kupita nyumba kwa nyumba, kukaa kwenye mkeka na kuuliza: "Huyu ulimzalia wapi?"