Plasmidi kubwa na ndogo ndani ya bakteria wa mtindi

Niliwahi kupoteza chachu nzuri ya mtindi mikononi mwangu. Nilikuwa nikikuza bakteria wa mtindi aitwaye Lactococcus kwenye M17, mchuzi wa maabara wa kukuzia bakteria, wenye glukosi, kila asubuhi nahamisha kidogo kwenye chupa mpya. Wiki kadhaa baadaye nikawatia bakteria wale kwenye maziwa. Kesho yake maziwa yalikuwa bado majimaji, ingawa kwenye darubini niliwaona wamejaa tele.

Walichopoteza ni plasmidi, yaani DNA ya mviringo iliyo nje ya kromosomu na yenye namna yake ya kujinakili. Katika Lactococcus, jeni za kutumia laktosi (sukari ya maziwa) na za kukata kasini (protini ya maziwa) mara nyingi hukaa humo. Penye glukosi, seli iliyozaliwa bila plasmidi hiyo haipungukiwi kitu, na taratibu uzao wake hujaa chupa nzima.

Mfano ninaoupenda ni aina moja ya Lactococcus iitwayo NCDO 712. Ndani yake mna pLP712, yenye jozi za besi kama 55,000, iliyobeba jeni za laktosi na za kasini pia. Mna pia pSH71, yenye jozi kama 2,000 tu, ambayo karibu yote ni mitambo ya kujinakili. Zinaishi seli moja, lakini kila moja ina njia yake.

Kubwa hufuata njia ya theta. Protini ya RepB hushika mahali pa kuanzia, ambapo kwa kawaida kipande cha besi 22 hujirudia mara tatu na nusu, nyuzi mbili zikaachana, na kila uzi ukanakiliwa ukiwa bado kwenye duara. Umbo linalotokea katikati ya kazi hufanana na herufi θ ya Kigiriki. Ni njia tulivu, DNA haikai uchi muda mrefu, ndiyo maana inaweza kubeba mzigo mkubwa. Udhaifu wake ni kwamba nakala huwa chache, na seli ikigawanyika vibaya, mtoto mmoja hutoka mikono mitupu.

Ndogo ndiyo iliyonivuta kwenye fani hii. Protini yake ya Rep hukata uzi mmoja tu kati ya miwili. Ncha iliyokatwa huanza kurefushwa, duara likizunguka, na uzi wa zamani hutoka kama uzi unavyochomoka kwenye bobini ya cherehani. Mzunguko ukitimia, uzi ule hukatwa na kufungwa ukawa duara la uzi mmoja. Sasa unahitaji mahali pa pili pa kuanzia, panapotambuliwa na RNA polimerasi ya seli (kimeng'enya kinachotengeneza RNA), ili upate mwenzake. Seli isipopatambua vizuri, nyuzi pweke hurundikana, na hapo ndipo vipande hudondoka au kuungana pasipostahili. Ukiipachika jeni ndefu, jiandae kuikuta imepungua.

Hata hivyo, pSH71 hukubali kuishi hata ndani ya E. coli, jambo ambalo plasmidi nyingi za theta za Lactococcus haziwezi. Kwa hiyo watafiti waliigeuza kuwa chombo cha kupeleka jeni: pNZ8048, ambayo jeni iliyopachikwa humo huwashwa kwa nisini (dawa ya kuua bakteria inayotengenezwa na Lactococcus), imetokana nayo. Na anayepokea chombo hicho mara nyingi ni NZ9000, aliyetokana na MG1363, naye MG1363 ni NCDO 712 yuleyule baada ya Michael Gasson kumwondolea plasmidi zake zote, kazi aliyoichapisha mwaka 1983. MG1363 hutumia glukosi bila shida, ila laktosi humshinda.

Kwa mtindi, nategemea theta na kuilinda kwa kuwakuza bakteria kwenye laktosi kila mara. Siku ile ya maziwa majimaji nilitandaza chachu yangu kwenye sahani za laktosi zenye rangi ya bromokresoli zambarau, inayogeuka njano asidi inapotengenezwa. Nilihesabu koloni moja baada ya nyingine. Za njano zilikuwa nne, pembeni kabisa mwa sahani ya pili, na kutoka hizo nne ndipo nilipoanza upya.